Keki hupikwa, huokwa au huchomwa?

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano aliandika insha kuhusu sherehe yetu ndogo ya nyumbani. Sentensi zake zilikuwa hivi: "Mama alipika keki ya siku yangu ya kuzaliwa. Aliweka hamira, ikafura." Mwalimu ameshusha wino mwekundu mara tatu. Amekata "alipika" akaweka "alioka". Amekata "siku yangu ya kuzaliwa" akaweka "kumbukumbu ya siku yangu ya kuzaliwa". Kwenye "hamira" ameweka alama ya kuuliza tu. Mama mkwe, ambaye ni Mpemba, ametuchanganya zaidi kwa kusema keki haipikwi wala haiokwi, huchomwa. Tushike lipi? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Kwenye hamira mwalimu yuko sawa, na ningependa angeeleza kwa nini badala ya kuacha alama ya kuuliza. Kwenye kupika amezidisha ukali. Kwenye kumbukumbu simfuati kabisa.

Tuanze na kupika. Mtoto hakukosea hata chembe. Kupika ni kitenzi kipana: kila kazi ya moto inayokitoa chakula kwenye ubichi na kukifikisha kwenye kuiva ni kupika. Tunapika wali, tunapika chai, tunapika maandazi ingawa yanakaangwa. Kitenzi hicho kimetoka hata nje ya jiko, ndiyo maana watu hupika pombe, hupika majungu, na mhasibu asiye mwaminifu hupika hesabu. Ndani ya kitenzi hicho kipana ndimo mnamokaa vile vyembamba, na Kiswahili kina utajiri wa kutosha hapo, kwa sababu kinauliza chakula kimeguswa na nini. Kikiguswa na maji, kimechemshwa; ndizi au mhogo ukiiva kwa maji matupu bila viungo, umetokoswa. Kwenye mafuta, kimekaangwa. Samaki aliyewekwa juu ya makaa amebanikwa. Kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto kimevumbikwa. Na chakula kilichoiva kwa joto kavu la moto, pasipo maji wala mafuta ya kukaangia, kimeokwa.

Kwa hiyo "alioka keki" ni usemi uliolenga barabara, na "alipika keki" ni usemi mpana ulio sahihi. Mwalimu angeandika pembeni "unaweza pia kusema alioka", mtoto angepata msamiati mpya bila kudhani kwamba watu wa nyumbani kwake hawajui kusema. Tanzania nzima watu wanapika keki kila Jumamosi, na Kiswahili chao hakina ugonjwa.

Isitoshe, anayedhani kuoka ni kitenzi kilichozaliwa pamoja na oveni anakipunguzia umri. Hicho ni cha Kibantu, cha zamani kuliko tanuri na unga wa ngano huku kwetu. Jirani zetu wanacho: Waganda wana okwokya na Wanyarwanda wana kotsa, na huko kote maana yake ni kuweka kitu kwenye moto kiive au kiungue. Yaani kuoka kulianza na nyama na ndizi motoni, kukahamia mikate, na sasa kumejikita kwenye keki na biskuti. Biblia ya Kiswahili ilikwishamwita mtumishi wa Farao "mwokaji" katika sura ya 40 ya Mwanzo, na neno hilo ninalipenda kuliko "mpishi wa keki" ambalo naliona kwenye mabango ya mjini. Nairobi utasikia pia "amebeki keki". Kwenye mazungumzo sina ugomvi nalo, ila kwenye insha ya darasa la tano sioni linachoongeza.

Sasa mama mkwe, ambaye namwomba mtu yeyote asimsahihishe. Visiwani na sehemu nyingi za pwani, kuchoma ndilo neno la kawaida la kazi hii: "keki ishachomwa", "mkate huu uchome kwa moto wa wastani". Msikilizaji wa huko anaelewa kwamba keki imeiva vizuri. Ukienda Morogoro au Dodoma ukasema "nimechoma keki", kuna atakayekupa pole, maana kwake kuchoma keki ni kuiunguza. Bara kuchoma kumebaki zaidi na nyama, mahindi na mihogo, vitu ambavyo kuguswa na mwali au makaa ni sehemu ya ladha yake. Kwa hiyo atakayeandika kwa wasomaji wa kila mahali achague kuoka. Anayezungumza nyumbani kwake aseme anavyosema.

Nadhani mama mkwe atakumbuka na neno jingine ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui, nalo ndilo lililobeba keki za Waswahili kabla ya umeme kufika majumbani: kupalia. Mkate wa mayai, ule wa mayai yaliyopigwa na sukari hadi yakawa meupe na mazito, kisha ukatiwa unga na hiliki, ulipikwa kwa sufuria juu ya jiko la makaa. Chini moto mdogo. Juu ya kifuniko makaa mengi kuliko ya chini, ili uso upate rangi na kitako kisiungue. Kuyaweka makaa yale juu ya kifuniko ndiko kupalia, na wali pia hupaliwa hivyo ukikaribia kukauka. Maelekezo yanayosema "weka mkaa juu na chini" yanaeleweka, lakini "palia" lingetosha, na hakuna sababu ya kuliacha life hali sufuria na makaa bado tunavyo.

Hamira. Hapa wino mwekundu ulistahili, maana kosa hili huharibu unga na mayai, si insha peke yake. Hamira ni viumbe hai, kuvu wadogo mno wanaokula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi polepole. Wanahitaji vuguvugu na muda, ndiyo maana donge la maandazi hufunikwa likaachwa. Keki ya haraka haiumuliwi kwa hamira. Hutiwa beking pauda, ambayo ni mchanganyiko wa magadi soda na kitu chenye uchachu, na kazi yake huanza pale inapolowa na kupata joto. Majumbani wengi huviita vyote viwili hamira kwa kuwa vyote huinua unga. Naelewa mazoea hayo yalikotoka, ila jirani atakayeazima maelekezo yako akatia hamira ya maandazi kwenye rojo la keki na kuliingiza jikoni papo hapo atatoa kitu cha kujengea msingi. Andika beking pauda, kwa tahajia hiyo hiyo ya Kiswahili.

"Ikafura" mwalimu hakuigusa, na amefanya vyema, ingawa neno la jikoni hasa ni kuumuka. Keki huumuka, na kinachoifanya hivyo huiumua. Kufura na kuvimba ni kwa jumla: mguu hufura, mto hufura, mtu mwenye hasira naye hufura.

Juu ya "kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa", hoja ya wanaoishikilia naijua: mtu huzaliwa mara moja, mwaka unaofuata ni ukumbusho tu. Kimantiki ni kweli. Lakini lugha haikuwahi kudai hivyo kwenye siku nyingine. Kila tarehe 9 Desemba tunasema ni Siku ya Uhuru, wala hakuna anayedhani Tanganyika inapata uhuru upya, ilhali uliopatikana 1961 ni mmoja. Siku hupewa jina la tukio lake na jina hurudi nayo kila mwaka. Waswahili walikuwa na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya kuzaliwa, yaani maulidi, ila hilo limekwisha kuwekwa wakfu kwa Mtume, na ukimwandalia mtoto "maulidi" wageni watakuja na kanzu, wakitarajia kasida. Basi "siku ya kuzaliwa" inatosha. Kumbukumbu ibaki kwa hotuba na kwa marehemu.

Barua yako ilikuwa na karatasi ya maelekezo unayotaka kuibandika jikoni. Mstari wake mmoja unasema: "Chukua vijiko 2 vya hamira changanya na mayai yaliyokorogwa weka kwenye oveni mpaka iwe tayari." Vijiko gani? Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa ni 15, na tofauti hiyo ndiyo ya keki nzuri na keki yenye ladha ya sabuni. Mayai ya keki hupigwa, hayakorogwi, kwa kuwa shabaha ni kuingiza hewa. Na "iwe tayari" ni kauli ya ofisini, chakula huiva. Ningeiandika hivi:

"Chekecha unga gramu 250 pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Piga siagi gramu 200 na sukari gramu 200 mpaka iwe nyeupe na laini, kisha tia mayai manne, moja baada ya jingine, huku ukipiga. Mimina unga kidogo kidogo ukichanganya taratibu, na maziwa vijiko vikubwa vitatu, upate rojo zito. Paka chombo siagi, mimina, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 40 hadi 45. Choma katikati kwa kijiti: kikitoka kikavu, keki imeiva."

Kwenye "choma kwa kijiti" mama mkwe hatakuwa na pingamizi.

La mwisho ni la mwanao, akitaka kuiandika upya insha yake. Kauli ya kutendea ya kuoka ni kuokea: "Mama aliniokea keki." Asiandike "aliniokolea keki" kama wanafunzi wengi wanavyoteleza, maana hapo msomaji atauliza ilikuwa inazama wapi.