Koti la mvua la kuendea kazini na skuta

Dada, kwa skuta kutoka Mbezi hadi Posta masika haya, achana na poncho. Upepo ukiingia chini inafura yote, mara inakufunika kioo cha helmeti, mara pindo linatafuta tairi la nyuma. Chukua koti na suruali, vipande viwili.

Watu wanakagua koti tu, kumbe tatizo liko kwenye suruali. Maji yanateremka kifuani, yanakusanyika kwenye siti katikati ya mapaja, nawe umeyakalia, kwa hiyo uzito wako unayasukuma yapenye. Dukani igeuze nje ndani, uangalie mshono wa hapo kati. Ukiona matundu ya sindano bila tepu juu yake, irudishe, hata muuzaji aape vipi. Kama lebo ina namba ya milimita, yaani kipimo cha kitambaa kinavyozuia maji, tafuta 10,000 kwenda juu; za 2,000 hivi ni za manyunyu.

Yale ya plastiki nzito hayaingizi maji kweli, na bei yake ni rahisi, ila kwa joto la Dar utafika ofisini umelowa jasho. Mwendo mfupi sawa, huo wako hapana.

Nunua saizi kubwa, maana unavaa juu ya nguo za kazi. Zipu iwe na kifuniko. Suruali ishuke nje ya gambuti, usiichomeke ndani. Rangi chagua ya njano au yenye mistari ya kuakisi mwanga. Nyeusi inapendeza, lakini mwenye lori hakuoni.