Hesabu maamuzi kabla ya kuigawa fanksheni
Ndugu, umeuliza uanzie wapi kurekebisha fanksheni (kipande cha programu ya kompyuta chenye jina lake) yenye mistari 200 ambayo hakuna mwenzako anayethubutu kuigusa. Acha kwanza mistari. Hesabu maamuzi, yaani kila sharti na kila mzunguko (sehemu inayorudiwa), kisha ongeza 1, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha ugumu wa programu alichokieleza mtaalamu wa kompyuta Thomas McCabe mwaka 1976, akipendekeza kikomo cha 10. Hata hivyo, kipimo hicho hakitofautishi masharti yaliyopangwa mfululizo na yale yaliyowekwa ndani ya mengine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo humchosha msomaji zaidi. Kwa hiyo andika kwanza majaribio ya kuhakikisha fanksheni bado inafanya kazi ileile, toka mapema kwenye fanksheni pale data isipofaa, ndipo uhamishe kila kundi la masharti kwenye fanksheni ndogo yenye jina linaloeleza kazi yake.