Kabla hujauliza lebo, niambie nani anashika kopo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga besi aliniandikia: "Kaka, bendi yetu inajaza ukumbi lakini mfukoni hatuna kitu. Tupandishe kiingilio au tutafute lebo, kampuni ya kututolea muziki?" Nikamjibu mistari miwili ya kumtia moyo, nikalala. Saa nane usiku nikashtuka. Yale niliyomjibu ndiyo niliyokuwa nikijidanganya nayo miaka sita nzima.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, tukipiga roki nzito, na tuliishi kwa jina moja la kuiga: Fugazi, bendi ya roki ya Marekani. Wewe unayesoma hapa najua unawajua, au unawajua waliowaiga. Walipiga shoo yao ya kwanza Washington D.C. mwezi Septemba 1987: Ian MacKaye kwenye gitaa na sauti, Joe Lally kwenye besi, Brendan Canty kwenye ngoma. Guy Picciotto aliingia muda mfupi baadaye. Hawakuwa na meneja, hawakuuza fulana, na kiingilio walikipigania kisipite dola 5, hata mtoto wa shule aingie. Lebo kubwa zilipobisha hodi, hawakufungua.

Sisi tuliiga yote. Kiingilio chetu kilikuwa cha chini kuliko cha bendi yoyote tuliyoijua, na nilikuwa naringa nacho jukwaani kama mhubiri. Mpaka ile tabia yao ya kusimamisha wimbo watu wakianza kuumizana tuliiiga. MacKaye alikuwa akimsema mkorofi mbele ya wote, akikaidi anarudishiwa dola zake 5 na kutolewa nje. Mwimbaji wetu naye akamrudishia jamaa mmoja hela yake. Yule bwana akaipokea, akashukuru kwa adabu, akazunguka nyuma na kuingia kwa mlango wa jikoni. Alibaki hadi mwisho wa shoo, safari hii bure.

Hicho kilikuwa kichekesho. Kilichotuua ni kingine.

Kabla ya Fugazi, MacKaye alikuwa kwenye bendi ya vijana wadogo, Teen Idles. Hela za shoo hawakugawana, walizitia kwenye boksi la sigara. Bendi ilipovunjika mwaka 1980, mle ndani mlikuwa na kama dola 600. Wangeweza kugawana kila mtu akaenda zake. Badala yake wakachapisha santuri ya bendi ambayo tayari imekufa, na hapo ndipo MacKaye na Jeff Nelson, mpiga ngoma wa Teen Idles, walipoanzishia lebo yao, Dischord. Albamu za Fugazi, kuanzia Repeater ya 1990 hadi The Argument ya 2001, zilitokea huko. Watu tunaimba dola 5 kila siku, lakini bila lile boksi hizo dola 5 zisingefika popote.

Sisi tulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nililishika mimi, kwa kuwa ndiye niliyejua kuongea. Baada ya shoo tunakaa sakafuni, tunahesabu noti zilizolowa jasho, tunazifunga mpira, tunatia ndani, kila mtu anaona. Raha ya usiku ule naikumbuka mpaka leo. Zinavyotoka, hakuna aliyeona. Nyaya za gitaa zikikatika, natoa. Nauli, natoa. Mwezi mmoja kodi ya chumba ilinibana, nikatoa, nikasema moyoni nitarudisha. Daftari hatukuwa nalo. Daftari la nini, sisi ndugu?

Mwaka wa nne tukapata nafasi studio. Kopo likafunguliwa mbele ya wote, na hela iliyokuwemo haikutosha hata siku moja ya kurekodi. Macho yakaenda kwa mpiga ngoma, kwa sababu yeye aliwahi kukopa mle waziwazi, mbele yetu. Na mimi nikamtazama. Nikanyamaza. Hakupiga kelele. Alifungua kanyagio la ngoma kubwa taratibu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka. Bendi ilijikokota miaka miwili zaidi na wapiga ngoma wa kuazima.

Siku hizi anapiga na bendi ya harusi yenye sare, na nasikia husema kwamba tulimwibia. Inaniuma, kwa sababu hajakosea sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikiliza. Nunua daftari. Andika kinachoingia. Andika kinachotoka, hasa unachotoa wewe. Anayejua kuongea asishike kopo. Mkishaelewana hivyo, nunueni daftari la pili, la kwanza litapotea. Msiniambie mnaaminiana, na sisi tuliaminiana! Anayekataa kuandika hela ndogo leo, kesho mtamtafuta na hela kubwa. Andikeni, jamani.

Waangalie Fugazi walivyotulia. Baada ya shoo za London Novemba 2002 walinyamaza tu, hawakutoleana maneno magazetini. Mwaka 2011 wakaanza kuziweka mtandaoni rekodi za shoo zao, zaidi ya 800 zilizokuwa zimehifadhiwa, bei inayopendekezwa ikiwa ileile, dola 5. Maana yake kuna mtu alikuwa anarekodi usiku baada ya usiku, anatunza. Sisi tunazo rekodi mbili. Moja ni ya simu, na humo kikohozi cha mwenye simu kinasikika kuliko gitaa langu.

Juzi nilimwandikia tena yule kijana, nikamuuliza swali moja tu: nani anashika kopo lenu? Amejibu kwamba kopo hawana, hela zote zinaingia kwenye simu ya mwimbaji. Nimempigia mara mbili, hajapokea. Labda wako mazoezini.