Playfair Display kwenye kadi ya harusi: kwa nini herufi zinakatika na namba zinarukaruka

Mkuu, umeuliza kwa nini majina ya maharusi yalipendeza kwenye kompyuta lakini yakatoka chapani yamekatikakatika, na kwa nini namba za simu zinapanda na kushuka. Faili lako ni zima. Yote mawili ni tabia ya fonti yenyewe, Playfair Display, na ukiijua tabia hiyo itakupa kadi nzuri sana.

Playfair Display ilichorwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ikatoka mwaka 2011 kwa leseni huria, hivyo kazi ya kulipwa unaruhusiwa kuifanya. Imetengenezwa kwa ajili ya vichwa vya maandishi, si maelezo marefu. Inafuata herufi za karne ya 18, hasa za John Baskerville wa Birmingham, wakati kalamu yenye ncha kali ilipokuwa ikichukua nafasi ya unyoya uliochongwa bapa. Ncha kali huchora mstari mwembamba kama unywele, ukiikandamiza mstari unanenepa. Baskerville aliilainisha karatasi yake kwa joto na kutumia wino mweusi kuliko wenzake ili unywele ule uonekane. Herufi za ukoo huu na karatasi laini ni pacha.

Sasa andika AMINA kwa herufi kubwa, uikuze skrini nzima. Mguu wa kushoto wa A ni mwembamba, wa kulia mnene. M inaanza na mguu mwembamba. N ndiyo ya hatari zaidi: nguzo zake zote mbili ni nyembamba, unene wote uko kwenye mshazari. Nyembamba hizo ndizo zinazopotea, na msomaji anabaki na mishazari inayoelea.

Kwenye kadi ya A5, majina yaweke pointi 36 hadi 48. Chini ya pointi 18 usiitumie kabisa. Mahali, saa na ratiba viandike kwa fonti tulivu ya pointi 10 au 11, kama Open Sans. Kadi ikiwa ya karatasi yenye vinyweleo au mikunjo, acha uzito wa kawaida, chukua Bold, yaani uzito mnene. Rangi nayo iwe wino mmoja: maandishi meusi yawe nyeusi asilimia 100 peke yake. Ukichanganya wino nne, bamba moja la kuchapia likisogea kidogo tu, mstari mwembamba unazaa kivuli cha rangi.

Maandishi meupe juu ya zambarau au maruni yanahitaji uangalifu zaidi, maana wino wa pembeni hutambaa kuingia kwenye weupe na kuula unywele wote. Hapo nenda Bold au Black, uzito mnene kuliko wote, na usishuke chini ya pointi 24. Stika ya kukatwa kwa plota, mashine ya kukatia stika, ni vivyo hivyo: vipande vyembamba vinang'oka na karatasi yake wakati wa kubandua. Kwa gari la maharusi tumia Black, herufi ziwe na kimo cha sentimita 8 au zaidi.

Kuhusu namba: tarakimu za kawaida za Playfair Display ni za mtindo wa zamani. 0, 1 na 2 zina kimo cha herufi ndogo. 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. 6 na 8 zinapanda. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye namba ya simu inayoanza na 07, sifuri inafanana na o na saba imezama, na mtu wa mchango anakosea kutuma. Tarakimu zilizo sawa zimo ndani ya fonti hiyohiyo, ila lazima uziite. Katika Word ingia mipangilio ya fonti, sehemu ya Advanced, kwenye Number forms chagua Lining. InDesign ziko kwenye menyu ya OpenType. Kwenye tovuti andika font-variant-numeric: lining-nums. Programu isiyo na chaguo hilo, namba ziandike kwa fonti nyingine. Usikimbilie Georgia! Inaendana vizuri na Playfair kwa maneno, lakini tarakimu zake nazo zinarukaruka vilevile.

Kadi ya WhatsApp itume kama dokumenti ya PDF. Ikitumwa kama picha inabanwa, na mistari myembamba inakuwa ya kwanza kufifia. Kama lazima iwe picha, tumia Bold.

Nafasi kati ya herufi: MWALIKO kwa herufi kubwa zote iongezee 50 hadi 100 kwenye Tracking (yaani elfu za saizi ya herufi), la sivyo W na A zinabanana huku L na I zikiachana. Herufi ndogo usizipanue. Mikia ya fonti hii ni mifupi, kwa hiyo mistari miwili ya majina unaweza kuisogeza karibu, umbali wa mstari hadi mstari ukawa asilimia 110 ya saizi ya herufi, bila kugongana.

Mwisho, ukoo wenye ng' katika jina, kama Nyang'au: hakikisha alama ni ile iliyopinda kama mkia wa koma, ’, isiwe kijiti kilichosimama wima. Kwa pointi 48 kijiti hicho kinaonekana toka mlangoni.