Vibiongo wa Callot: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi safari hii yanamhusu Jacques Callot, mchoraji mzaliwa wa Nancy, Ufaransa ya leo (1592–1635), na vile vijitu vyake vya ajabu.

Ni picha za nini hasa?

Ni seti ya picha 21, ukurasa wa jina ukiwemo, zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochorwa kwa tindikali: *Varie Figure Gobbi*, yaani vibiongo wa aina mbalimbali. Ukurasa huo unataja Firenze, Italia, 1616, ingawa zilichapishwa baadaye, Callot aliporudi Nancy. Zote ni ndogo, zinaenea kiganjani. Humo mna walevi, wacheza upanga na wapiga ala. Nimpendaye mimi ni yule anayekwangua wavu wa kuchomea nyama kana kwamba anapiga fidla, na uso wake hauna mzaha hata kidogo.

Mbona mistari yake inanenepa na kukonda? Si tindikali inakula sawasawa?

Inakula sawasawa, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Wachoraji wengi walipaka bamba la shaba nta laini, wakachora kwa sindano hadi shaba ikaonekana, wakalitia kwenye tindikali ile mistari hiyo. Nta hiyo ilibanduka ovyo, na mstari ulitoka na unene uleule mwanzo hadi mwisho. Callot alitumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za nyuzi, na badala ya sindano akashika chuma chenye ncha iliyokatwa mshazari. Akikizungusha kidogo vidoleni, mstari unapanuka. Akikirudisha, unakuwa uzi. Tazama tumbo la kibiongo yeyote: mstari mmoja tu, mnene chini kwenye kivuli, na uzito wote umeshaonekana. Tena, vanishi ngumu ilivumilia kurudishwa kwenye tindikali: aliziba mistari iliyotosha, akaiacha mingine iliwe zaidi.

Huku si kuwacheka walemavu?

Ni kuwacheka, ndiyo. Jumba la Medici, ukoo uliotawala Firenze, lililomlipa Callot, lilizoea kuweka vibete wa kutumbuiza wakubwa, na wanunuzi walitaka kicheko hicho. Sitamtetea. Ila hakuna hata mmoja aliyechorwa akiomba huruma. Kila mmoja ana shughuli yake na anaijua.

Alichora vichekesho tu?

La. Mwaka 1633 alitoa picha 18 za maafa ya vita, mojawapo ikiwa na mti uliojaa watu walionyongwa. Chuma kilekile, vijitu vidogo vilevile.

Nizione wapi bila kusafiri?

Tovuti ya National Gallery of Art, Washington, inazo nyingi, bure. Zivute karibu sana. Kwenye simu, bila kukuza, utaona madoa tu.