Barua kwa mwanangu mwalimu: hao wanaoandika "xaxa" wana akili zao

Mama, marahaba. Meseji yako ya juzi usiku niliiona alfajiri nilipoamka kuswali, nikasema hii siyo ya kujibu kwa kidole kimoja, ngoja nitafute muda nikae. Umeniuliza, "Baba, we uliyekaa posta miaka yote ile, hivi unaona hizi meseji zinatufanya tuwe wajinga? Nimesahihisha insha za kidato cha pili, watoto kibao wameandika xaxa na cjui humohumo kwenye mtihani, na mwalimu mwenzangu ananiambia hata wazungu wamepima wakakuta akili za watu zinashuka." Nimeisoma mara tatu. Nimeona umechoka, na nimeona pia umeanza kuwakatia tamaa hao watoto, na hilo ndo limenifanya nikuandikie kirefu.

Nianze na hilo la wazungu maana ndo limekutisha. Jana nilimwita mdogo wako tukakaa kibarazani na simu yake tukatafuta, na ni kweli lipo. Norway wana kawaida ya kuwapima akili vijana wa kiume wanapofikia umri wa kwenda jeshini, na mwaka 2018 watafiti wawili, Bratsberg na Rogeberg, wakatoa hesabu zao kwamba alama zilikuwa zinapanda mwaka hadi mwaka mpaka kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, halafu kuanzia hapo zikageuka zikaanza kushuka. Haya, piga hesabu mwenyewe. Aliyezaliwa 1975 alipimwa mwaka 1993 au 1994 hivi. Meseji ya kwanza kabisa duniani ilitumwa Desemba 1992 kule Uingereza, tena ilitoka kwenye kompyuta maana simu zenyewe zilikuwa bado haziwezi kuandikia. Kijana gani wa Norway alikuwa ameshaharibiwa akili na kuchati mwaka ule? Kuna kitu kilianza kushusha zile alama kabla meseji hazijaenea kwa watu. Wakalinganisha hata ndugu wa nyumba moja, baba mmoja mama mmoja, wakakuta kushuka ni kulekule, kwa hiyo wakasema siyo damu, ni mambo yanayomzunguka mtoto, ila lipi hasa hawakulikamata.

Halafu mwenzako hakukwambia ya hapa jirani. Embu, Kenya, walipima watoto wa shule wa miaka 7 hivi mwaka 1984, wakarudi kupima wengine wa vijiji vilevile mwaka 1998, alama zikawa zimepanda sana, yaani kupanda kwelikweli. Watafiti walipotafuta sababu walitaja wazazi kujua kusoma na kuandika kuliko wale wa zamani, familia kuwa na watoto wachache, na chakula na afya ya mtoto. Basi, chakula, na mama anayejua kusoma. Mi nikisoma hapo nawaza wanafunzi wako wanaotembea saa nzima asubuhi hawajaweka kitu tumboni, we unawakuta saa mbili wamelala juu ya dawati, halafu mtu anakuja anakwambia ni simu.

Na we mwenyewe ulishapitia hili mama. Ulikuwa kidato cha nne 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani nchi nzima walikuwa na sifuri, nchi ikazizima, mpaka serikali ikayafuta yakapangwa upya. Hapa mtaani wazee walikuwa wanasema nini? Simu, ni hizi simu, watoto wanachati usiku kucha. Mi nilikuwa najua we huna simu. Nilikuwa najua pia shule yenu mwaka mzima haikuwa na mwalimu wa hesabu, na kwamba miaka saba umesomeshwa kwa Kiswahili halafu siku moja ukaamka kila somo Kiingereza. Shule za kata zilijengwa upesiupesi, madarasa yakatangulia, walimu na vitabu vikabaki nyuma. Siku ile ulilia mpaka mama yako akaogopa, na majirani wanatuambia tungekunyang'anya simu, simu ambayo haikuwepo. Sijasahau, na ndo maana nikisikia mtu anaitupia simu lawama zote damu inanichemka.

Sasa hiyo xaxa. Umeitazama vizuri? Neno "sasa" lina herufi nne, "xaxa" ina herufi nne, mtoto hajafupisha kitu hapo. Hiyo ni mitindo yao, ya kutambuana, kama sisi tulivyokuwa na kinyume. Mi na shangazi yako tulikuwa tunaongea kinyume mbele ya bibi yako siku nzima, maji tunasema jima, nyumba tunasema mbanyu, na bibi yako alikuwa anasema hawa watoto vichwa vimeharibika. Mtu kugeuza silabi kila neno akiwa anaongea mbio na mwenzake anaelewa, hiyo ni kazi ya kichwa mama, jaribu leo uone. Ukija kwenye cjui ndo utaona zaidi. Yule mtoto ameichukua c akaisoma kwa jina lake la Kiingereza ikawa "si", akaipachika kwenye kitenzi cha Kiswahili. M2, wa2, k2, ni hivyohivyo, mbili ya Kiingereza inakaa mahali pa "tu". Anacheza na lugha mbili kwenye neno moja na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kule Coventry, Uingereza, akina Plester na Wood walichunguza watoto wa miaka 10 mpaka 12 wanaofupisha maneno kwenye simu, wakakuta wanaofupisha zaidi ndo walikuwa wanasoma vizuri zaidi, kwa sababu kufupisha kunataka sikio linalojua sauti za neno.

Hata babu yangu mimi, yule wa Pangani, barua zake alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, p na b herufi moja, o na u alama moja, msomaji anajaza mwenyewe kwa kujua kinachosemwa. Wasomaji wale walikuwa wanajua wanachofanya, na barua za namna hiyo zilitoka Kilwa mwaka 1711 zikaenda mpaka Goa, India, na zimehifadhiwa hukohuko mpaka leo.

Lakini umeniuliza mimi kwa sababu ya posta, nikujibu kwa posta. Niliajiriwa 1979, nikakaa dirishani Korogwe nikipokea telegramu, zile habari fupi zilizokuwa zinapelekwa kwa waya, mpaka miaka ile shirika la posta na simu linagawanywa 1994. Unajua telegramu ilikuwa inalipiwa kwa neno. Neno likizidi urefu uliowekwa linahesabiwa mawili, kwa hiyo watu wakijaribu kuunganisha maneno yote yawe moja sisi tulikuwa tunawakatalia. Kuna baba mmoja alikuja, mfanyakazi wa mkonge, mtu wa Kasulu, nguo zake zina ile harufu ya singa, ameshika sarafu mkononi. Aliniambia anataka kumpelekea kaka yake habari. Akaanza kusema, mwambie kaka yule mtoto wetu wa mwisho, aliyezaliwa mwezi wa pili, aliugua homa tukampeleka hospitali, wakamtundikia maji, usiku wa Ijumaa… nikamsimamisha, nikamwambia mzee, hela yako hii ni maneno sita, ukijitahidi saba. Hakubisha. Akasogea pembeni akawapisha wengine, akasimama pale ukutani kwenye matangazo, anatikisa midomo, anahesabu kwa vidole, anarudi nyuma, anaanza tena. Nusu saa nzima mama. Kisha akarudi dirishani akaniambia andika: MTOTO HATUNAYE TUMEMZIKA USIJE TUNZA MAMA.

Nikaandika. Nikamaliza nikabaki naitazama ile fomu. Neno tumemzika peke yake lina sisi, lina limeshakwisha, lina yeye, lina kuzika. Na lile usije, pale ndo nilipoelewa kwamba nusu saa yote alikuwa anawaza nauli, kwamba kaka akipata habari atapanda treni kutoka Kigoma, na hela ya nauli ndo dawa ya mama yao aliyebaki kule. Yule baba kusoma kwake ilikuwa ya ngumbaru. Mi sijawahi kukutana na akili kama ile tena, na maneno yalikuwa sita.

Kwa hiyo usiniambie ufupi ndo ujinga. Hata hizi meseji zenyewe, yule Mjerumani aliyepanga urefu wake, Hillebrand, mwaka 1985 alikaa na mashine ya kuchapa akawa anaandika sentensi za kawaida tu na kuhesabu, akaona nyingi hazizidi herufi 160, akatazama na kadi za posta akakuta watu wanaelezana mambo yao kwa herufi chini ya 150. Huko mwanzo wa miaka ya 2000 meseji hapa kwetu ilikuwa na bei, ikizidi kidogo unakatwa mbili, na we unakumbuka kaka yako alivyokuwa anabana vocha mpaka irabu anazitupa. Alikuwa anafanya kazi ya yule baba wa mkonge.

Kilichobadilika ninachokiona mimi ni kwamba sasa hivi neno halina gharama. Mtu ana bando, anatuma "mambo", anatuma "uko", anatuma "mbona kimya", anatuma "poa bas", meseji kumi na hamna kitu mle. Ile nusu saa ya ukutani imeondoka. Na isiwe watoto tu, hata mimi. Zamani nilikuwa na namba za simu kama hamsini kichwani, za mameneja wa mashamba, za posta zote za mkoa, leo kichwani ninayo ya mama yako tu, yako siijui mwanangu, na siku simu ilipopotea stendi nilikaa mpaka magharibi nikishindwa kukupigia na iliniuma sana. Gazeti nalisoma nikifika katikati mkono unakwenda mfukoni. Akili haijaondoka, naisikia ipo, ila haikai. Inataka kuruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mwezi uliopita shangazi yako aliweka kwenye grupu la ukoo kwamba amelazwa, zikaja pole na vile vidole vya kuomba dua, nilihesabu thelathini na moja, na aliyepiga simu kumuuliza anaumwa nini alikuwa mmoja. Hao thelathini siyo wajinga na siyo wabaya, nawajua wote, ila walimaliza kuwaza palepale walipobonyeza. Hilo ndo linalonikosesha usingizi mimi, mtu kumaliza kuwaza mapema.

Sasa nini ufanye na insha zako. Kwanza mwite mmoja aliyeandika cjui, mwambie bila kumfokea, andika hii sentensi kama unamwandikia mkuu wa wilaya. Akiandika sijui, tena na shikamoo yake mwanzoni, basi mtoto huyo hana shida ya akili, shida yake ni kujua mahali, kama aliyekuja msibani na jezi, unamwambia tu nenda kabadilishe. Lakini akishindwa, akawa hiyo cjui ndo neno pekee alilonalo na kirefu chake hakijui, huyo mama amefika kidato cha pili hajawahi kupewa kirefu. Wapo wengi, kuanzia 2010 wale wa Uwezo, wanaopima watoto kusoma na hesabu, walipita nyumba kwa nyumba wakakuta waliomaliza la saba wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Huyo usimkate maksi ukaishia hapo. Mwekee alama pembeni kwenye daftari lako, wa namna hiyo wakusanye jioni, waanze kusoma kwa sauti, kurasa moja moja. Najua hulipwi kwa hilo.

Halafu wafanyie telegramu. Wape habari ndefu, msiba au harusi au mwizi kaingia, waiandike barua kamili kurasa mbili. Kesho yake waambie waifupishe iwe maneno nane, kila neno shilingi mia, asiyekuwa na hela haongezi. Hayo manane mpe mtoto wa dawati lingine ambaye hakusoma barua, aandike yeye anachoelewa, kisha walinganishe na ya kwanza. Hapo watagombana wenyewe kwamba neno gani lilitakiwa libaki. We kaa kimya uwaache, usiwasaidie upesi, hata wakichukua kipindi kizima wanatazama dari. Simu wanaruhusiwa kuandikia wakitaka, mi sioni tabu.

Mama yako anakusalimu, mguu umepungua kuvimba ila bado anashuka ngazi kwa upande. Anasema Desemba usije mikono mitupu, mchele wa huko Kahama hata kilo kumi. Na hiyo telegramu ukiwafanyia niletee zile za watoto, usinipigie picha, niletee makaratasi yenyewe nizisome moja moja.

Baba yako.