Kihisi cha miR-21 kinachong'aa kabla ya kukutana na RNA

Habari ndugu. Umesema kihisi chako cha miR-21 (RNA fupi inayopanda kwenye saratani nyingi) kinang'aa hata kabla hujaweka RNA yoyote, na unafikiria kuagiza kingine. Usiagize kwanza.

Kihisi cha aina hii, walichokibuni Tyagi na Kramer mwaka 1996, ni uzi wa DNA uliojikunja: kitanzi katikati, shina la jozi 5 hadi 7 za besi, rangi ya kung'aa ncha moja, kizima-mwanga ncha nyingine. Shina likifunga, rangi huzimwa; RNA lengwa ikishika kitanzi, shina hufunguka na rangi hung'aa. Basi kipashe moto peke yake kwenye bafa hadi nyuzi 80, kisha kipoze taratibu huku ukipima. Mwanga ukishuka sana, shina ni zima. Basi punguza joto la jaribio au ongeza magnesiamu kidogo, ili shina lisifunguke. Usiposhuka, yaelekea kuna rangi iliyobaki huru, kwa hiyo kisafishwe tena kwa HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika). Kikiwaka kwenye seramu tu, shuku vimeng'enya vinavyokata DNA.

Tafadhali sana, usimwambie mtu ana saratani kwa mwanga huo pekee, maana miR-21 hupanda hata kwenye magonjwa ya moyo. Na usisahau kupima RNA inayotofautiana na miR-21 kwa besi moja, uone kama kihisi kinazitofautisha.